Re: Mkataba wa Paris ndio unaondoa gesi ya R134a?

Mkuu hapo umechanganya mafaili. Paris ya 2015 ni mkataba wa tabianchi, kila nchi inajipangia yenyewe itapunguza kiasi gani cha gesi zinazopasha joto dunia, hakuna wa kumkaba mwenzake shati. Hii ya gesi za friji na AC kama R134a ni Marekebisho ya Kigali, yalipitishwa palepale Rwanda Oktoba 2016 kama nyongeza kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987, ule mkataba wa kulinda tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua.

Kisa chenyewe kinachekesha, zamani kwenye friji ilikuwepo gesi ya R12, ikaonekana inatoboa tabaka la ozoni, ikapigwa stop, ikaletwa R134a tukaambiwa hii sasa safi, kumbe ozoni kweli haigusi ila kwenye kupasha joto dunia kilo moja yake ni kama kilo 1,430 za kaboni daioksaidi. Yaani lile "tsss" unaloachia uani ukifungua friji ya mteja sio dogo aisee.

Ila haifutwi kesho. Nchi tajiri zilianza kupunguza gesi za aina hii 2019, nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa zisimamishe ongezeko 2024 halafu zishuke taratibu mpaka wapunguze 80% ifikapo 2045, India na nchi za Ghuba wao wakaongezewa muda. Kwa hiyo friji za zamani endelea kuzijaza R134a tu, lakini friji mpya nyingi zinakuja na gesi ya R600a na hiyo inawaka moto, soma kwanza kibandiko cha kompresa kabla hujawasha moto wa kuchomelea, mimi nyusi zilishaniungua mara moja.