Usifunge eponji ku diskezi: maswali yenu juu ya mashini za kupolisha gari

SWALI: Papa Fundi, jambo. Niko kijana wa Ndosho, hapa Goma, naosha magari miaka minne sasa na wateja wameanza kuniomba nipolishe pia. Ku Birere wamenionyesha mashini ya dola 45 inazunguka tu kama diskezi, na ingine ya 110 inazunguka huku inatetemeka. Rafiki yangu anasema niache zote mbili, nifunge eponji ku diskezi yake ya kukata vyuma, eti kazi ni ile ile. Nichukue gani?

JIBU: Mdogo wangu, hiyo ya diskezi usijaribu hata siku moja, hata ku gari yako mwenyewe. Diskezi ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, wakati mashini ya kupolisha tunaitumia kati ya 1,000 na 1,800, basi angalia wewe mwenyewe hiyo tofauti. Na kile unachopolisha ni kitu chembamba sana: juu ya rangi kuna verni, ile tabaka ya kung'aa isiyo na rangi, ya kiwandani mara nyingi iko na mikroni 40 au 50 tu. Shika karatasi moja ya fotokopi kati ya vidole viwili, hiyo ni mikroni 100 hivi, yaani verni yote ya gari haizidi nusu ya karatasi hiyo. Niliona kapo (boneti) ya jeep nyeupe kijana amepitisha diskezi, pale ku ukingo karibu na taa ikatoka doa ya kijivu kubwa kama kifuniko cha chupa, ni aprê yenyewe, ile rangi ya chini, imeshatokea, verni imeisha na rangi imeisha. Mwenye gari akabaki amesimama tu anaigusa na kidole. Pale hakuna polishi ya kurudisha, ni kupaka upya.

Sasa zile mashini zenyewe. Ya dola 45 ni rotativu, sahani inazunguka pahali pamoja kama gurudumu. Inakata haraka, mikwaruzo mirefu inaondoka, na mafundi wa kupaka rangi wanaipenda juu ya kutoa alama za papiye vere (msasa). Ila joto lote linakusanyika pahali pamoja, ukichelewa ku ukingo umeunguza, na hata usipounguza inaacha mistari kama mawingu yanayozunguka, kivulini huioni, gari ikitoka tu juani mteja anaiona mbele yako.

Ile inayotetemeka ni orbitali: sahani inazunguka na wakati uo huo inayumba pembeni. Ukubwa wa kuyumba, ile orbiti, umeandikwa ku mashini, 8, 15 au 21 milimita. Uzuri wake ni kwamba ukiigandamiza sana haing'ang'anii, inaacha kuzunguka inabaki kutetemeka tu, kwa hiyo kuunguza verni ni vigumu zaidi, si kwamba haiwezekani. Ubaya ni huo huo: pahali penye kupinda, ku bampa kwa mfano, inasimama na hujui, unaendelea kusukuma dakika tano kazi haifanyiki. Chukua makeri nyeusi uchore mstari mmoja pembeni ya sahani, ukiona mstari unapita ujue inazunguka, ukiuona umesimama punguza mkono.

Kuna na aina ya tatu, orbitali yenye meno ndani, haisimami hata ukigandamiza. Flex ya Ujerumani wanatengeneza moja, XC 3401 VRG, orbiti 8. Inafanya kazi nzuri, lakini inatikisa mikono na inapasha rangi joto kuliko orbitali ya kawaida, mimi siwezi kukuambia uanze nayo.

Wewe chukua orbitali ya 15. Ya 21 inakwenda mbio ku kapo pana na ku paa, lakini ku nguzo za milango utateseka. Hizo dola 65 za zaidi ni kidogo kuliko kulipa kupaka upya kapo ya mtu. Nunua na eponji angalau nne, juu eponji ikijaa pati ya kupolishia inapoteza nguvu na inapata moto. Fanya kwanza kipande kimoja cha nusu mita kwa nusu mita, tembeza polepole, pita mara nne mpaka sita, pangusa, angalia na torshi ya simu. Kikikubali ndio uendelee na gari yote. Ukingo wote weka skochi, ile tepu ya kubandika.

SWALI: Ndugu yangu wa Marekani ameniachia mashini yake, inaandika 120 V. Naweza kuitumia hapa Himbi?

JIBU: Si hivi hivi, kaka. Umeme wetu ni 220, ukiichomeka moja kwa moja motere inaungua. Utahitaji transfo inayoshuka mpaka 120 na yenye nguvu kupita wati za mashini. Na jioni umeme ukishuka, taa zikianza kuwa njano, simamisha kazi, juu motere inayokosa nguvu inapata moto.

SWALI: Gari yangu ni nyeusi, nimepolisha mara mbili mwaka huu na mistari inarudi. Mashini ni mbaya? (Mama wa Katindo)

JIBU: Mama, mashini haiko na kosa, ni kitambaa cha kuoshea. Vumbi ya kwetu ni lava iliyosagika, ni kama vioo vidogo vidogo, na vijana wanapangusa gari ikiwa kavu. Waambie wamwage maji mengi kwanza kutoka juu mpaka chini bila kugusa, kisha ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa. Kama ni maji ya ziwa yasikauke juani, yanaacha madoa meupe. Na usipolishe tena mwaka huu, kila mara verni inapungua. Weka nta ya gari (ile tunaita siri) tu, kwa mkono.