Umepiga kambi Northumberland? Ingia Cragside kwa kufuata maji

Msomaji mmoja aliyeko Leeds ametuletea swali. Mwisho wa Mei atapiga kambi siku tatu karibu na mji mdogo wa Rothbury, Northumberland, yeye, mkewe na watoto wawili. Kwenye ramani ameona jumba la enzi za Malkia Victoria liitwalo Cragside, naye anataka kujua kama linastahili pesa yake au ni "nyumba ya tajiri kama nyingine, vitanda vikubwa na mazulia".

Linastahili. Ila akiingia kwa mlango wa mbele, akapiga picha sebuleni na kutokea dukani, kama wafanyavyo wageni wengi, basi kweli atakuwa ameona vitanda vikubwa na mazulia. Cragside husomwa kwa kuanzia nje, kwenye maji. Na anayetoka kambini ana faida ambayo mgeni wa hotelini hana: asubuhi hiyo ameshabeba dumu la lita 10 kutoka bombani, ameshahangaika na jiko la gesi kwenye upepo, na usiku uliopita taa ya kichwani imemzimikia kabla hajazipata soksi. Maji, moto, mwanga. Jumba zima lilijengwa kuzunguka shida hizo tatu.

Mwenye jumba, William Armstrong, alizaliwa Newcastle mwaka 1810. Alikuwa mwanasheria kwa miaka kadhaa huku akili yake ikiwa kwenye mitambo. Jina alilipata kwa kreni zinazoendeshwa na nguvu ya maji, na utajiri mkubwa ukaja kwa mizinga ya kivita kutoka kiwanda chake cha Elswick. Cragside ilianza mwaka 1863 kama nyumba ndogo ya mapumziko. Kuanzia 1869 msanifu majengo Norman Shaw aliipanua kwa miaka kama 15, kipande baada ya kipande, ndiyo maana ukiitazama kutoka bondeni inaonekana kama nyumba tano zilizolazimishwa kuishi pamoja. Mlima wenyewe ulikuwa mawe na vichaka. Msitu unaouona leo ulipandwa, inasemekana miti zaidi ya milioni 7, na maziwa yake ni mabwawa yaliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Waambie watoto mapema. Wengi hudhani Mungu ndiye aliyepanga hivyo.

Kwanza tumalize habari za kambi, kwa sababu makosa ya kambini ndiyo yanayoharibu siku ya jumba. Mwisho wa Mei shule za Uingereza hufunga wiki moja, na mirododendroni ya Cragside, vichaka vya maua makubwa, huwa imechanua. Maana yake viwanja vya kambi hujaa, kwa hiyo weka nafasi miezi miwili kabla. Usijidanganye kwamba utasimamisha hema popote penye majani. Uskoti sheria inaruhusu kulala nje kwenye maeneo mengi ya wazi, lakini Northumberland iko Uingereza, na huku unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Mpaka wa Uskoti uko karibu, na ukaribu huo ndio unaowaponza watu.

Usiku wa Mei huko unaweza kushuka hadi nyuzi 5 au chini yake. Chagua mfuko wa kulalia ambao kiwango chake cha kulala kwa raha ni nyuzi 0. Usidanganywe na ile namba ya chini zaidi iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, hiyo ni ya kunusurika tu. Godoro la chini lina kazi kuliko blanketi la juu, kwa sababu ardhi hunyonya joto usiku kucha. Watu wanne wakipumua ndani ya hema hutoa lita moja ya maji au zaidi kabla ya asubuhi, na maji hayo yakikosa pa kutokea hugandamana kwenye kitambaa na kudondokea nguo. Acha matundu ya juu wazi hata kama ni baridi. Weka nguo za siku ya jumba ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na jozi ya pili ya viatu. Hizo jozi za pili nitazirudia.

Umeme wa kambini nao una somo lake. Nguzo nyingi hutoa ampea 10 au 16. Kwa volti 230, ampea 10 ni wati 2,300 tu, na birika la kawaida la Uingereza hula karibu wati 3,000. Ukiliwasha, swichi inaruka, na mara nyingine inabidi umtafute mwenye kiwanja akufungulie sanduku. Nunua birika dogo la wati 1,000 au chemsha kwa gesi. Zikumbuke namba hizi, zitarudi.

Siku ya kwenda, kutoka Newcastle ni kama kilomita 50: barabara ya A1 hadi Morpeth, A697, kisha B6344 hadi Rothbury. Bustani hufunguliwa kabla ya nyumba, na nyumba huwa na saa ya mwisho ya kuingia iliyo mapema kuliko saa ya kufunga, kwa hiyo angalia ratiba ya siku hiyohiyo kwenye tovuti ya National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, wanaoimiliki tangu 1977. Tenga saa tano. Familia inayokusudia kutembelea majumba matatu au manne kwa mwaka ifanye hesabu ya uanachama wa shirika hilo kabla ya kununua tiketi moja moja.

Ukishaegesha gari, usipande kwenye nyumba. Shuka kwenye bwawa la Tumbleton. Hapo utaona parafujo ya Archimedes, bomba la chuma lenye urefu wa mita 17 lililolala kwa mshazari, lililowekwa mwaka 2014. Maji yanaingia juu, yanateremka kwenye mabawa yake, uzito wake unalizungusha, na mzunguko unafua umeme unaotosha balbu 350 za nyumba. Wape watoto muda hapa, kwa sababu ni mtambo usioficha kitu, kila sehemu inayofanya kazi inaonekana. Karibu na bwawa hilohilo ndipo mitambo ya zamani ilipokuwa ikisukuma maji kwenda hifadhi iliyo juu kuliko nyumba. Kutoka huko yalishuka kwa uzito wake na kuendesha vitu ndani ya nyumba. Kisha vuka daraja la chuma juu ya kijito cha Debdon na uinue macho. Picha ya nyumba ipigiwe hapa.

Sasa hesabu. Mwaka 1878 Armstrong aliwasha taa moja kali kwenye ukumbi wa picha, ile ya cheche kati ya vijiti viwili vya kaboni. Mwanga wake ulikuwa mkali mno kwa nyumba ya kuishi. Mwaka 1880 akaweka balbu za Joseph Swan, mtu wa upande huohuo wa kaskazini mashariki, na Cragside ikawa nyumba ya kwanza duniani kuwashwa hivyo kwa nguvu ya maji. Mtambo ulikuwa kwenye kijito cha Debdon, maji yakianguka takriban mita 9, na nguvu yake ilikuwa kama ya farasi 6, yaani wati 4,500 hivi. Ili uipate nguvu hiyo kwenye anguko la mita 9 unahitaji lita 50 kila sekunde, tena kama hakuna kinachopotea njiani. Na kilipotea, maana waya ulisafiri karibu kilomita moja na nusu. Kwa lugha ya kambini: utajiri wote ule ulikuwa na umeme wa nguzo moja ya ampea 20. Birika moja na nusu. Taa zilikuwa 45 na hazikuwashwa zote kwa pamoja.

Ndipo utaelewa jengo la mitambo la Burnfoot la mwaka 1886. Maji yake yalitoka mabwawa ya Nelly's Moss yaliyo juu mlimani, anguko la takriban mita 100. Maji kiasi kilekile yakianguka mara kumi na moja zaidi, nguvu inakuwa mara kumi na moja. Mtoto wa darasa la sita anaielewa hesabu hiyo akiwa amesimama pale kuliko ubaoni. Njia ya miguu ya kwenda Burnfoot ni ya mteremko na mizizi, huteleza baada ya mvua, na kiti cha mtoto cha magurudumu hakifai.

Ndipo sasa upande kwenye nyumba, na hapa zinakuja zile jozi za pili za viatu. Wageni waliotoka kambini hufika na matope, makoti yanayodondosha maji na mabegi makubwa mgongoni. Watumishi hawakuzuii kwa kukudharau, na wenzetu wengine huchukulia vibaya wakiambiwa wavue begi. Nyumba za namna hii hujitahidi unyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 50 na 65. Ukizidi, kuvu huota kwenye vitabu na wadudu hula sufu. Ukipungua, mbao hupasuka. Makoti ishirini yaliyolowa ni sawa na lile hema lako la asubuhi. Begi la mgongoni nalo hugonga vitu wakati mwenyewe anageuka kuona kilichogongwa. Kwa kawaida utaombwa ulibebe mbele au uliache kwenye kabati, na mbeleko ya mtoto iwe ya kifuani. Picha ni ruhusa, mwali wa kamera hapana. Giza la vyumba pia lina sababu: vitambaa vya zamani huruhusiwa mwanga hafifu tu, wa kama luksi 50, kwa sababu rangi ikishapauka hairudi. Simama dakika tatu, macho yatazoea. Wanaolalamika kwamba hawakuona kitu ni wale waliopita kwa mwendo wa kwenda kupanda basi.

Ndani, anza jikoni. Tafuta chuma cha kugeuzia nyama mbele ya moto, kilichozungushwa na maji, na kilifti cha kupandishia vyakula. Ilikuwapo pia lifti ya nyumba, ya maji vilevile, na faida yake kubwa waliipata watumishi wenye ndoo za makaa. Chini ya maktaba kuna hamamu, yenye chumba cha joto na bwawa la kujitosa kwenye maji baridi. Anayetoka Unguja hataona ajabu, kwani Sultani Barghash alijenga Hamamni, Mji Mkongwe, katika zama hizohizo, na Beit al-Ajaib yake ya mwaka 1883 nayo ilikuwa na umeme mapema. Tulikuwa na mambo hayo. Tofauti iko kwenye utunzaji, na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka mwaka 2020 ni vigumu kulisema hilo bila uchungu.

Kwenye maktaba, muulize mhudumu kuhusu taa zilizowekwa juu ya vyombo vya shaba vilivyonakshiwa. Chombo chenyewe kilikuwa njia ya umeme. Kitako chake kilikaa kwenye zebaki, na ukikiinua, taa inazimika. Swichi za ukutani zilikuwa bado hazijazoeleka. Ukiona hilo tu umeshaipata thamani ya tiketi.

Sebule kuu ilimalizika kwa ajili ya ziara ya mwana wa Malkia na mkewe mwaka 1884, na jiko lake la moto la marumaru linakisiwa kuwa na uzito wa tani 10. Wageni wote husimama hapo. Kwa maoni yangu ndicho kitu kibaya kuliko vyote ndani ya nyumba, kimetengenezwa kumshtua mgeni, wala si kupasha joto. Ila usiondoke bila kuuliza fedha ilitoka wapi. Mizinga ya Armstrong ilinunuliwa na mataifa mengi, na miongoni mwa aliowaalika kuja kulala kwenye msitu huu walikuwamo wateja. Shah, mfalme wa Uajemi, aliyekuja mwaka 1889 hakufuata maua. Mtoto akiuliza, mjibu hivyohivyo.

Barabara ya kuzunguka shamba kwa gari, maili 6, iache iwe ya mwisho, watoto wakiwa wamechoka miguu. Simama kwenye mabwawa ya Nelly's Moss, yale ya mita 100, waone maji yalikoanzia kabla ya kuteremka Burnfoot. Barabara ni ya upande mmoja, huwezi kugeuza, kwa hiyo wapitishe wote chooni kabla ya kuwasha gari, na yule anayesema hasikii haja aende kwanza.