Nachanganya herufi za Kichina zinazofanana, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma Kichina hapa Dar es Salaam, mwaka wa pili sasa, na najiandaa na mtihani wa HSK ngazi ya tatu. Herufi zikiwa peke yake nazijua. Zikiingia kwenye sentensi, zile zinazofanana zinanivuruga: 喝 na 渴, 晴 na 睛, 买 na 卖, 己 na 已. Kila moja naiandika mara hamsini, kesho yake nimeshachanganya tena. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unakosea kwenye hizo mara hamsini. Mkono unazoea mwendo wa kalamu, lakini jicho halijapata cha kulinganisha. Herufi zinazofanana jifunze mbili mbili, uziweke sambamba na ujiulize: zimeachana wapi, na pale zilipoachana pana maana gani?

Anza na 喝 (hē) na 渴 (kě). Kulia ni kitu kimoja, 曷, sehemu inayobeba sauti. Kushoto ndiko kwenye maana: 口 ni mdomo, na 氵 ni matone matatu ya maji. Wanafunzi wengi hutegemea kukuta maji kwenye “kunywa”, na hapo ndipo wanapoteleza. Anayekunywa, mdomo ndio uko kazini, basi 喝 ni kunywa. Mwenye kiu amekosa maji, basi 渴 ni kiu. Hata zamani 渴 ilimaanisha maji kukauka. Andika sentensi moja yenye zote mbili: 我渴了，我要喝水, yaani nina kiu, nataka kunywa maji. Hiyo moja itakufaa kuliko kurasa tatu za kurudia.

Herufi zilizo nyingi zimejengwa hivyo, upande wa maana na upande wa sauti. Mwanazuoni wa kale wa China, Xu Shen, alilieleza jambo hili karibu mwaka 100 baada ya Kristo, katika kamusi yake ya herufi 9,353 alizozipanga chini ya vichwa 540. Ila matamshi yamebadilika tangu enzi hizo, kwa hiyo upande wa sauti mara nyingi hukupa sauti ya kukaribia tu. Tazama ukoo wa 青 (qīng): 清 qīng, maji safi, 请 qǐng, kuomba au kukaribisha, 情 qíng, hisia, 晴 qíng, anga kweupe, halafu 睛 ikatoka jīng. Wewe hizi mbili za mwisho ndizo zinakusumbua. Zisogeze karibu na macho: 日, jua, ina mstari mmoja ndani, 目, jicho, ina miwili. Na 睛 utaikuta zaidi ndani ya 眼睛, macho, ambapo herufi zote mbili zina 目 kushoto. Ukiona jicho limejirudia, umefika.

买 (mǎi, kununua) na 卖 (mài, kuuza) nazichukulia kwa uzito, kwa sababu nimekalimani mikataba ya wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou na Yiwu, huko China. 买方 ni mnunuzi, 卖方 ni muuzaji. Ukizibadilisha, umebadilisha nani anadaiwa fedha na nani anadaiwa mzigo. Sikio halitakusaidia sana: Kiswahili hakina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, na hapa tofauti ni toni tupu, ya tatu hushuka ikapanda, ya nne huporomoka. Shika umbo. Kabla herufi hazijarahisishwa katika miaka ya 1950, ziliandikwa 買 na 賣. Chini ni 貝, simbi za kauri, zilizotumika kama fedha China ya kale kama zilivyotumika Buganda. Na 賣 asili yake ni 買 iliyobebeshwa 出, “kutoka”. Leo ile “kutoka” imebaki 十 tu kichwani mwa 卖. Muuzaji, bidhaa inamtoka. Ndiye mwenye kitu cha ziada juu.

己 (jǐ) na 已 (yǐ) hazina upande wa maana. Tazama uwazi wa kushoto: 己 imeachwa wazi, 已 imefungwa nusu, na 巳 (sì), ya mwaka wa nyoka, imefungwa kabisa. Kwenye mtihani wako zitakuja ndani ya 自己, mwenyewe, na 已经, tayari. Kariri maneno hayo mazima.

Zoezi la leo: 辩, 辨, 辫. Zote hutamkwa biàn, toni ile ile, na zote zina 辛 pande mbili. Funika pembeni kwa vidole ubakize katikati. 讠 ni maneno, basi kubishana. Ya pili ni kisu kilichopinda umbo, kinachokata na kutenganisha, basi kupambanua. 纟 ni uzi, basi nywele zilizosukwa. Kesho asubuhi ziandike bila kuangalia, kila moja mara moja tu, ndani ya neno lake: 辩论, 分辨, 辫子.