Maswali ya Wasomaji: Mwenye Baiskeli Naye Asimame Kwenye Kivuko?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkazi wa Uru, na kila alfajiri isipokuwa Jumapili hushuka Moshi mjini kwa baiskeli, nikiwa na mikungu mitatu au minne ya ndizi mshare kwenye keria, kuipeleka soko la Mbuyuni. Majuma mawili yaliyopita nilikuwa ninakaribia kivuko chenye mistari myeupe, daladala iliyokuwa mbele yangu ikasimama, nami nikapita kushoto kwake kama nilivyozoea. Ghafla mwanafunzi mdogo akachomoza mbele ya ile daladala. Nilipiga kengele na kubana breki kwa nguvu zangu zote. Mkungu mmoja ulianguka, lakini mtoto sikumgusa. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani alinikemea mbele za watu kwamba sijui sheria. Mzee, sina leseni, baiskeli yangu haina namba wala bima, na nikishasimama na mzigo ule, kuondoka tena ni shughuli. Je, sheria ya kusimama kwenye kivuko inatuhusu na sisi, au ni ya magari? – Mchukuzi wa ndizi, Uru.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba kilichoanguka ni mkungu. Jibu langu ni kwamba ndiyo, unapaswa kusimama, na yule mama alikuwa na haki ya kukuambia hivyo, hata kama namna alivyokuambia ilikuumiza.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa kwa ajili ya vyombo vyenye injini peke yake, kwa maana baiskeli imo ndani yake. Fikra hiyo haiko kwetu tu. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliofikiwa Vienna mwaka 1968 unaeleza kwamba dereva ni mtu yeyote anayeendesha gari au chombo kingine, baiskeli ikiwemo, na unamhesabu humo hata anayeswaga ng'ombe barabarani. Uingereza, ambako vivuko vya mistari ya pundamilia viliingizwa katika sheria mwaka 1951, ilirekebisha kanuni zake za barabarani Januari 2022 na kuweka wazi kwamba mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kumdhuru mwenziwe ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kujihadhari. Kwa mpangilio huo lori humwangalia mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli humwangalia anayetembea kwa miguu. Kuhusu leseni, kutokuwa nayo maana yake ni kwamba hukutahiniwa kabla ya kuingia barabarani, basi. Mifupa ya mtoto haiwi migumu zaidi kwa sababu aliyemgonga hana leseni.

Lakini katika barua yako kuna jambo linalonitia hofu kuliko hilo la sheria, nalo umelitaja kwa maneno matatu tu: "nikapita kushoto kwake." Mwanangu, daladala ikisimama mbele ya kivuko, jiulize kwanza imesimama kwa ajili ya nani. Mara nyingi dereva amemwona mtu ambaye wewe humwoni. Mwanafunzi wa darasa la kwanza ni mfupi, kwa hiyo akipita mbele ya daladala iliyosimama anafichika kabisa mpaka atakapofika kwenye ukingo wake, na hapo ndipo wewe unapopita. Yeye naye hakuoni. Ameona gari limesimama, ameona dereva amempungia mkono apite, akaamini kwamba njia yote ni salama. Katika makosa yote ambayo mwenye baiskeli anaweza kuyafanya kwenye kivuko, hili ndilo ninalokusihi uliache kuanzia leo hii: chombo chochote kikisimama kwenye mistari myeupe, wewe usikipite, si kushoto wala kulia, hata ukiwa na hakika kwamba dereva wake anashusha abiria tu.

Tupige hesabu kidogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao kwenye mteremko wa kutoka Uru unaupata bila hata kukanyaga pedali, hukata karibu mita tano na nusu kila sekunde moja. Ukichukua sekunde moja kumwona mtoto na kufikisha vidole kwenye breki, mita tano na nusu zimekwisha kabla gurudumu halijaanza kupunguza mwendo. Breki nzuri, kwenye lami kavu, bila mzigo, zitahitaji mita nyingine kama tano. Sasa ongeza mikungu minne na mteremko. Na masika yakiingia, rimu inakuwa na maji, raba za breki hufanya kwanza kazi ya kuyafuta ndipo zishike, na hizo mita unazozitegemea zinazidi kunyooka mbele yako. Ndiyo sababu nasema uamuzi wa kusimama haufanywi kwenye mistari. Unafanywa kule nyuma, unapoliona bango la kivuko au unapoiona mistari yenyewe kwa mbali.

Umesema pia ulipiga kengele. Naijua kengele, nimeendesha baiskeli tangu ujana wangu, na ninajua jinsi mkono unavyoikimbilia kabla ya breki. Hebu mtazame tena yule mama wa nyanya. Mtu mwenye beseni kichwani hageuzi shingo. Akitaka kukuona inambidi ageuze mwili mzima, taratibu, mkono mmoja ukilishika beseni. Akisikia kengele nyuma ya bega lake, hajui kama unatokea kulia au kushoto, wala hajui kama unamwambia aharakishe au arudi. Wengi hurudi hatua moja nyuma, na hatua hiyo ndiyo inayowaleta kwenye gurudumu lako, kwa sababu wewe ulikuwa umepanga kupita nyuma yao. Kengele itumie ukiwa mbali, kumjulisha mtu aliye pembeni ya barabara kwamba unakuja. Kwa mtu aliyekwisha kukanyaga mistari, shika breki na unyamaze.

Hapa Moshi tunayo sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Katika Shule ya Msingi Mwereni wanafunzi wasioona husoma pamoja na wenzao wanaoona, na barabara zetu wanazipita kama sisi. Asiyeona huvuka kwa masikio. Husikiliza injini, husikia gari likipunguza mwendo na kusimama, kisha hutanguliza fimbo yake nyeupe. Baiskeli yako, ikiwa imetiwa mafuta vizuri kwenye cheni, haimpi sauti yoyote ya kusikiliza. Wewe uliye kimya ndiye unayemwona, kwa hiyo ni wewe wa kusimama.

Sasa nije kwenye shida yako halisi, ambayo siidharau hata kidogo. Kusimamisha baiskeli yenye mzigo kama wako kunahitaji miguu yote miwili chini, na kuiondoa tena kunahitaji kuisukuma hatua kadhaa huku ukitafuta uwiano, na nyuma yako kuna bodaboda wanaopiga honi. Yanayosaidia ni haya. Punguza mwendo mapema kwa kubana breki kidogo kidogo tangu juu ya mteremko, ukitumia breki zote mbili, kwa kuwa mteremkoni uzito hulalia gurudumu la mbele na breki ya nyuma peke yake hukokota tairi bila kukusimamisha. Mvua ikinyesha, ziguse breki mara kwa mara hata pasipo haja, ili rimu ikauke. Mara nyingi, ukipunguza mwendo mapema, mvukaji atakuwa amekwisha kupita kabla hujafika na hutalazimika kukanyaga chini kabisa. Hiyo ndiyo faida ambayo wanaokimbia hadi kwenye mistari hawaipati. Kama uko tambarare na mzigo unaruhusu, nyoosha mkono wa kulia uupandishe na kuushusha taratibu, ili walio nyuma wajue unapunguza mwendo. Kama mzigo hauruhusu, mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Na mkungu wa nne, mwanangu, ikiwa ndio unaokufanya ushindwe kusimama, ufikirie upya, au ugawe mzigo safari mbili siku ambazo shule zimefunguliwa.

Ukikutana na yule mama Mbuyuni, msalimie.

SWALI: Mimi ni mzazi wa Arusha. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja huenda shule kwa baiskeli, na huvuka barabara kuu kwenye kivuko akiwa juu ya baiskeli. Je, magari yanapaswa kumsimamia kama wanavyosimamiwa waenda kwa miguu? – Mama Neema, Arusha.

JIBU: Mama Neema, mwambie ashuke na aisukume. Akiwa ameketi juu ya baiskeli yeye ni mwendeshaji, na kivuko kiliwekwa kwa ajili ya anayetembea. Akishuka anakuwa mtembeaji na anastahili kusimamiwa. Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Dereva anayekaribia kivuko huwatafuta kwa macho watu wanaokuja kwa mwendo wa miguu, na mtoto anayeingia kwenye mistari kwa kasi ya baiskeli hufika kabla ya jicho hilo. Afundishwe kusimama ukingoni, kuangalia kulia, kushoto na kulia tena, kusubiri magari ya upande wa kwanza yasimame kweli, na akifika katikati ya barabara aangalie tena upande wa pili kabla ya kuendelea, hasa ubavuni mwa gari lililosimama, kwa maana huko ndiko wanakotokea bodaboda na wenzake wa baiskeli. Mfuate mara mbili tatu asubuhi bila kumsaidia, umtazame akivuka mwenyewe, na kagua breki zake kila Jumamosi kabla hajaenda kucheza.