Wasomaji Wanauliza: Nani hupanda na nani hushuka chini ya League Two?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu Wrexham ianze kusemwa sana nimekuwa nikifuatilia madaraja ya chini ya soka la Uingereza, na yapo mambo mawili yanayonitatiza. Mwaka 2024 Gateshead ilimaliza ya sita katika National League, nafasi ambayo huipa timu haki ya kucheza mchujo wa kupanda daraja, lakini haikucheza. Tena Gloucester City imewahi kuwa kanda ya Kaskazini na imewahi kuwa kanda ya Kusini, ilhali mji wake upo palepale. Huko chini timu hupanda na kushuka kwa utaratibu gani? Msomaji wenu, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, ukitazama msimamo wa ligi peke yake hutaelewa kinachotokea huko, kwa sababu kuna mambo mengine mawili yanayoamua pamoja nao: ramani ya nchi na hali ya klabu yenyewe nje ya uwanja.

Tuanze na ramani. Ligi nne za juu, kuanzia Premier League hadi League Two, zina jumla ya timu 92 na huchezwa nchi nzima. National League, ambayo ni daraja la tano na ina timu 24, nayo huchezwa nchi nzima, lakini ndiyo ya mwisho kufanya hivyo. Daraja la sita limegawanywa kanda mbili, Kaskazini na Kusini. La saba lina ligi nne, la nane lina nane, na la tisa, tangu mpangilio mpya wa mwaka 2021, lina ligi kumi na sita. Kilicholeta mgawanyo huu ni nauli na muda, kwani wachezaji wengi wa madaraja hayo wana ajira nyingine na Jumatatu wanatakiwa kazini. Truro City, ambayo ilipanda National League mwaka 2025 ikitokea Cornwall, pembe ya mwisho ya kusini-magharibi, ilijikuta kundi moja na Gateshead iliyo zaidi ya kilomita 700 kutoka kwake, na huo ni mwendo wa kwenda tu.

Kila mwaka timu nne hushuka kutoka National League, na nafasi zao huchukuliwa na bingwa wa Kaskazini, bingwa wa Kusini na mshindi wa mchujo wa kila kanda. Ugumu huja pale ambapo, kwa mfano, timu tatu kati ya hizo nne zilizoshuka ni za kusini. Kanda ya Kusini itakuwa imetoa timu mbili na kupokea tatu, kabla hata ya kuhesabu zinazopanda kutoka chini, na hapo Chama cha Soka, ambacho hupanga makundi upya kila kiangazi, hulazimika kuisogeza upande wa pili timu iliyo karibu na mpaka. Gloucester uko magharibi, karibu na mahali mpaka huo unapopita, ndiyo maana klabu yake imekuwa ikihamishwa bila kupanda wala kushuka. Mashabiki hulalamika, na wana haki, lakini sijaona njia nyingine ya kulisawazisha jambo hili.

Mlango wa kuingia League Two una historia yake. Hadi miaka ya 1980 haukuwa na kupanda wala kushuka kwa moja kwa moja. Timu nne za mkiani ziliomba kura za klabu wenzao ili zibaki, na mara nyingi ziliokolewa. Mwaka 1980 Altrincham ilikosa kuingia kwa kura moja tu dhidi ya Rochdale. Kupanda kwa bingwa kulianza msimu wa 1986/87, Scarborough ikapanda na Lincoln City ikashuka, na nafasi ya pili, ya mchujo, iliongezwa msimu wa 2002/03. Nafasi hizo mbili ni chache mno kwa ligi ya timu 24, hasa ukilinganisha na timu nne zinazopanda kutoka League Two kwenda League One, daraja la tatu. Mwaka 2023 Notts County ilikusanya pointi 107 ikawa ya pili, kwa kuwa Wrexham ilikusanya 111, na ikalazimika kupitia mchujo hadi Wembley, ambako iliishinda Chesterfield kwa mikwaju ya penalti. Si ajabu kwamba mwaka 2025 klabu za National League zilianzisha kampeni ya pamoja ya kudai nafasi ya tatu.

Sasa Gateshead. Ligi inayopokea timu huweka masharti yake kuhusu uwanja, na mojawapo ni klabu kuthibitisha kwamba ina haki ya kuutumia uwanja wake kwa miaka kumi. Gateshead huchezea uwanja wa halmashauri ya mji, na uthibitisho huo haukupatikana, kwa hiyo iliondolewa katika mchujo. Mwezi Mei mwaka huohuo ilitwaa Kombe la FA Trophy pale Wembley, jambo linaloonyesha kwamba uwezo wa kucheza haukuwa tatizo. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa hivyo mara tatu mfululizo: Kidderminster Harriers mwaka 1994, Macclesfield Town mwaka 1995 na Stevenage Borough mwaka 1996 zilikuwa mabingwa na zote zikazuiwa kupanda kwa sababu ya viwanja. Mimi naona sharti lenyewe lina maana, kwa kuwa klabu isiyo na pa kuchezea huvuruga ratiba ya wengine wote, ila adhabu huwaangukia wachezaji ambao hawana mamlaka yoyote juu ya mkataba wa uwanja.

SWALI: Je, timu iliyoshika mkia inaweza kubaki? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Inaweza. Enzi za nafasi moja tu, bingwa alipozuiwa kupanda, wa mwisho wa daraja la juu alibaki. Ndivyo Northampton Town ilivyopona mwaka 1994, Exeter City mwaka 1995 na Torquay United mwaka 1996. Njia nyingine ni klabu kufukuzwa au kupokwa pointi. Bury ilifukuzwa Agosti 2019 ikiwa League One, hivyo msimu huo timu moja tu ndiyo ingeshuka kutoka League Two ili pengo lizibwe. Stevenage, ileile iliyozuiwa mwaka 1996, ndiyo iliyokuwa ya mwisho ligi iliposimamishwa kwa sababu ya janga la korona. Hata hivyo, Macclesfield Town, iliyokuwa ikishindwa kulipa mishahara, ilipokwa pointi zaidi baada ya rufaa ya Agosti 2020, ikashuka yenyewe na Stevenage ikabaki. Mwezi uliofuata mahakama iliamuru Macclesfield Town ifilisiwe.