Vanila Uani Mwangu, Dodoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi wa Agosti mwaka jana shangazi yangu aliniletea marando matatu ya vanila kutoka Bukoba. Niliyapanda kwenye ndoo zenye udongo mwekundu na samadi, nikayaegemeza ukutani na kuyamwagilia asubuhi na jioni. Mawili yamekufa, na la tatu majani yake yamesinyaa na kuwa ya manjano. Je, vanila inamea Dodoma? Ikimea, itazaa? – Msomaji, Nkuhungu.

JIBU: Ndugu msomaji, inamea, ila kwa maelezo yako naamini marando yako yameuawa na maji wala si kiu. Vanila ni okidi ya misitu ya joto na unyevu, asili yake Meksiko, na Bukoba imeipokea vizuri kwa sababu mvua za huko ni nyingi na ziwa liko karibu. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni upepo mkavu. Mtu akiona majani yanasinyaa huongeza maji kwenye mizizi, kumbe kinachopungua ni unyevu wa hewani; mizizi ya vanila hutambaa juu juu na huhitaji kupumua, hivyo ikizama katika udongo mzito huoza, na mmea uliooza mizizi husinyaa sawasawa na wenye kiu.

Fukua kidogo uone. Mzizi mzima ni mweupe na imara. Uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake huvuka kama soksi, ukabaki uzi mtupu. Ukikuta hivyo, kata kipande cha juu ambacho bado ni kibichi, cha karibu mita 1 ikiwezekana, ondoa majani ya pingili tatu za chini, kiache kivulini siku chache hadi jeraha likauke, kisha laza pingili hizo juu ya mchanganyiko wa majani yaliyooza na makumbi ya nazi, uzifunike kwa matandazo mepesi tu.

Ukutani usikirudishe, kwa maana tofali zilizopigwa na jua hutoa joto hadi usiku. Kiegemeze kwenye mti au gogo lililokingwa na upepo, chini ya neti inayopunguza jua kwa karibu nusu. Nyunyizia shina na majani kila asubuhi, na matandazo yamwagilie pale tu yanapokaribia kukauka. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, ambayo okidi haziivumilii, kwa hiyo ningeuwekea mmea huu maji ya mvua.

Kuhusu kuzaa, subiri takriban miaka mitatu. Rando likifika kimo cha mkono wako, likunje lining'inie, ili litoe maua mahali unapoyafikia. Kila ua hufunguka asubuhi moja tu, na ndani yake kiwambo kidogo hutenganisha sehemu ya kiume na ya kike. Hadi leo tunatumia njia aliyoibuni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841: inua kiwambo kwa kijiti chembamba, kisha kandamiza chavua kwa kidole gumba hadi ishike upande wa kike. Ua lisiloshika huanguka baada ya siku moja au mbili. Lililoshika hunyauka likiwa bado limeng'ang'ania, na tunda lake hukomaa baada ya takriban miezi 9.