Mhadhiri Anakaa Kimya, Sisi Tunagombana

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma saikolojia mwaka wa tatu. Muhula huu tuna kozi ya mienendo ya vikundi ambayo haifanani na nyingine yoyote. Kila Alhamisi tunapanga viti duara, wanafunzi 12, dakika 90. Mhadhiri anaingia, anakaa, hasemi kitu. Hakuna slaidi wala noti. Wiki ya kwanza tulicheka. Ya pili tukagombana juu ya nani aongoze. Ya tatu binti mmoja aliambiwa anajifanya msomi, akalia, akatoka nje. Sisi tukaendelea kupanga zamu za kuzungumza, ndipo mhadhiri akafungua mdomo: "Kikundi kimepoteza mtu, na bado kinapanga ratiba." Kisha kimya tena. Baadaye tunaandika shajara, na ina alama 40. Hii ni elimu au tunafanyiwa majaribio? Na mimi nisiyependa kusema mbele za watu, nitakamata sapu, yaani mtihani wa marudio?
Mpenda Kimya, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na sapu, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Katika kozi za namna hii zilizopangwa vizuri, kinachosahihishwa ni uchambuzi wako, si wingi wa maneno yako kwenye duara wala siri ulizotoa. Lakini usinitegemee mimi. Soma mwongozo wa kozi, kisha muulize mhadhiri mbele ya wote: tunapimwa kwa lipi? Mtu anayekaa nanyi kikaoni ndiye huyohuyo anayeshika kalamu nyekundu, na hapo mna haki ya kuwa na wasiwasi. Binafsi napenda shajara isahihishwe na mhadhiri mwingine asiyekaa kwenye duara. Vyuo vyenye walimu wawili wa saikolojia kwa wanafunzi mia vitasema haiwezekani, nami nawaelewa, ila angalau masharti yasemwe wazi siku ya kwanza.

Sasa hilo la majaribio. Njia hii ina historia, na ilianza karibu kwa bahati. Kiangazi cha 1946, Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliendesha warsha mjini New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani, kwa walimu na watumishi wa jamii waliokuwa wakishughulikia ubaguzi wa rangi. Mchana watu walijadiliana katika vikundi huku watafiti wakiandika. Usiku watafiti walikutana peke yao kulinganisha maandishi yao. Washiriki wachache wakaomba waruhusiwe kusikiliza, Lewin akakubali. Mwanamke mmoja akasikia jinsi alivyoelezwa, akakata: sivyo ilivyokuwa! Mabishano yakawaka, na kesho yake wengi zaidi wakataka kuhudhuria. Hapo ikaonekana kwamba mtu hujifunza kwa kasi ya ajabu anapoambiwa na waliokuwapo alichokifanya muda mfupi uliopita. Lewin alifariki Februari 1947, kabla wenzake hawajafungua mafunzo ya kwanza ya aina hiyo huko Bethel, Maine, kiangazi cha mwaka uleule.

Ule ukimya wa mhadhiri wako, nao, unanuka Uingereza. Daktari wa akili Wilfred Bion alipoanza kuendesha vikundi katika kliniki ya Tavistock, London, watu walikaa wakimngoja aanze. Hakuanza. Alichofanya ni kuwaambia kile walichoonekana kukingoja kutoka kwake, jambo lililowaudhi sana. Aliona kwamba kikundi kilichoachiwa nafasi tupu huteleza kwenye moja ya mambo matatu: kutafuta wa kukitegemea, kutafuta wa kupigana naye au kumkimbia, au kuwatazama watu wawili wakizungumza kana kwamba hao ndio watakaoleta ukombozi. Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Wiki ya pili mlitafuta mwongozaji. Wiki ya tatu mlimpata wa kupigana naye. Na zamu za kuzungumza zilikuwa kichaka cha kujifichia baada ya binti kutoka.

Nami nilipita humo nikiwa mwanafunzi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari aliyekuwa likizo ya masomo, tukimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi hata moja. Yeye ndiye aliyefungua kwa sala, yeye ndiye aliyesema "tumalizie hapo". Hatukumchagua, umri wake ulimchagua. Siku moja hakuja, amefiwa huko kwao. Tulikaa karibu nusu saa tukisikiliza feni. Nilimkasirikia mtu aliye msibani kwa sababu hakuja kuniongoza, na nilipoiandika hasira hiyo kwenye shajara ndipo nikaelewa ile sura ya Bion niliyokuwa nimeikariri muhula mzima.

Hapa niwachokoze wahadhiri kidogo. Vitabu hivi vimeandikwa na watu ambao mwanafunzi wao humwita profesa kwa jina la kwanza. Kwetu kijana wa miaka 22 akimwambia dada wa miaka 38 "umetuburuza leo" ameshavuka mpaka ambao mama yake alimchorea akiwa mdogo. Kwa hiyo ukimya wa vijana kwenye duara si lazima uwe woga wala upinzani. Mara nyingi ni adabu tu, na mwezeshaji anapaswa kujua hivyo kabla hajautafsiri. Pia angalieni lugha. Kozi ni ya Kiingereza, lakini nina hakika ugomvi wenu ulikuwa wa Kiswahili. Kikundi kinaporudi ghafla kwenye Kiingereza baada ya maneno makali, jiulizeni nani ametaka kuondoka jikoni na kurudi sebuleni.

Kuhusu aliyelia, sitaki upite haraka. Watafiti Lieberman, Yalom na Miles walifuatilia wanafunzi zaidi ya 200 wa Chuo Kikuu cha Stanford waliopitia vikundi vya aina mbalimbali, wakachapisha matokeo 1973. Wengi walinufaika au walitoka kama walivyoingia, lakini wachache waliumia kweli, wakabaki wameumia miezi kadhaa baadaye. Walioumiza zaidi walikuwa viongozi wakali waliowasukuma watu wajifunue. Na viongozi wenyewe hawakuwa wazuri wa kuwatambua majeruhi. Wanakikundi wenzao waliwaona vizuri kuliko viongozi. Maana yake ni kwamba wewe huenda umeona kitu ambacho mhadhiri hakukiona. Mtafute huyo binti leo, si Alhamisi. Usimhoji. Mwulize kama amekula. Akionekana hajatulia, mwende pamoja kwa mshauri wa wanafunzi, na mhadhiri aarifiwe kwa ridhaa ya binti mwenyewe.

Shajara yako isiwe taarifa ya habari. "Fulani alisema hivi, fulani akajibu vile" haina kitu. Andika ulichokihisi tumboni, ulichokifanya nacho, na kikundi kilikuwa kinakwepa nini wakati huo. Wewe mpenda kimya una mali nyingi hapo. Umeona nyuso zote wakati wengine walikuwa wakitafuta la kusema.

SWALI: Mwalimu, kuna tofauti gani kati ya kikundi hiki cha darasani na tiba ya kikundi? Mwenzetu ameanza kusimulia mambo mazito ya utotoni.
Msichana wa Tanga

JIBU: Anayekuja kwenye tiba amekuja kwa ajili ya maumivu yake, amehojiwa kwanza, na ana mtu anayewajibika kwake. Ninyi mmekuja kujifunza kikundi kinavyokwenda, na mlilazimika kwa sababu kozi ni ya lazima. Ya utotoni yanastahili mahali penye mlango unaofungwa. Mwambieni kwa upole, na mwezeshaji akinyamaza kwa hilo pia, basi amekosea. Kuna ukimya wa kufundisha na kuna wa kukwepa kazi.

SWALI: Kwenye duara sote wapole. Tukitoka tu, kundi la WhatsApp linawaka moto hadi usiku wa manane. Tufanyeje?
Kiongozi wa darasa, Dodoma

JIBU: Basi mna vikundi viwili, na kinachofanya kazi ni cha pili. Je, wote wamo humo, au kuna ambaye hakuongezwa? Anza na huyo. Kisha Alhamisi ijayo sema kikaoni tu kwamba mazungumzo yanaendelea kwenye simu, bila kusoma ujumbe wa mtu yeyote wala kutaja jina. Jiandae kuitwa mnoko. Usijitetee haraka, tazama nani anakukasirikia, nani anashusha pumzi, na nani anatoa simu mfukoni kuangalia kama bado yumo kwenye kundi.